Seramu ya Wanakwaya

Swali lililoninyima usingizi katika miezi ya mwisho ya kazi yangu lilikuwa fupi: kama vimelea vya malaria vinakufa kwa njaa ya seleni, kwa nini nikivilisha seleni bado vinakufa?

Naliweka hapa mwanzoni kwa ajili yenu mtakaokuja kukalia viti vyetu. Mradi wetu umefungwa. Mama Kapinga anasema mtu akishakabidhi funguo, akapewa kitenge na keki, akapigiwa makofi na watu ambao hawatamtafuta tena, huyo amestaafu, hata kama bado anaota chunusi. Basi nimestaafu. Sitawasimulia mkataba wangu uliandikwaje wala cheo changu kilisomekaje, maana hata mimi sikukielewa. Nitawasimulia kazi.

Nilifika Mbinga na begi moja na shahada ya bioteknolojia ambayo nilishaanza kuishuku. Chuoni tulikuwa tumezoea mitambo inayolia ikikosewa. Hapa maabara ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya maduka, yenye hadubini mbili, friza, kabati la joto la kukuzia vimelea, jenereta ya kusaidia umeme ukikatika, na harufu ya mshumaa. Nilimkuta Mama Kapinga, fundi sanifu wa maabara aliyefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, akifuta meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye digrii?"

"Naitwa Eusebia."

"Haya, Digrii. Shika kiberiti."

Nilidhani umeme umekatika. Kumbe ndivyo tulivyokuwa tukivifuga vimelea. Vimelea vya malaria havipendi hewa kama tunayoivuta sisi. Vinataka oksijeni kidogo na kaboni dayoksaidi zaidi. Unapanga sahani zenye damu na maji ya lishe ndani ya mtungi wa kioo, unawasha mshumaa humo humo, unafunika, unaacha kijitundu cha kifuniko wazi. Mwali ukianza kusinzia, unaziba kijitundu. Mshumaa umekula oksijeni kwa niaba yako. Kisha mtungi unaingia kabatini, kwenye joto la mwili wa mtu, na kesho yake unachukua tone dogo, unalipaka kwenye kioo, unalitia rangi, unaanza kuhesabu chembe nyekundu zenye wageni.

Sikuamini. Majuma yangu ya kwanza nilikuwa nikiuendea mtungi kila mara kuangalia kama unavuja. Mama Kapinga alinivumilia, kisha akasema, "Mwanangu, ukiufungua kuangalia kama hewa inaingia, hewa inaingia." Huo ndio ushauri bora wa kisayansi niliowahi kupewa, na nilichukua muda mrefu kuutii.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tukitafuta, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini samaki waliingia katika habari hii.

Kila kiumbe hutengeneza protini kwa kusoma maelekezo yaliyoandikwa ndani ya seli, herufi tatu kwa tatu. Kila kundi la herufi tatu linasema: leta tofali hili, leta tofali lile. Yapo makundi machache yanayosema: simama, protini imekwisha. Lakini moja kati ya hayo ya kusimama, katika baadhi ya maelekezo, halisimamishi. Seli inalifikia na, badala ya kuacha kazi, inachomeka tofali adimu lenye seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa uchache sana, halafu inaendelea. Inajuaje? Mbele zaidi kwenye maelekezo yale yale pana kipande kilichojikunja kama pini ya nywele, na kipande hicho ndicho kinachoiambia mashine isisimame.

Nilipomsomea Mama Kapinga maelezo hayo kutoka kitabuni, alisikiliza huku akisuuza mirija. "Ni kama kanisani," akasema. "Sala ya baada ya komunyo imekwisha, watu wanakusanya mikoba. Halafu wanamwona katibu wa parokia amesimama kando na karatasi za matangazo. Kila mtu anakaa tena."

Mfano huo niliushuku nao, nikaukagua kila upande. Ukasimama.

Vimelea vyenye seli moja, yaani protozoa, navyo vina protini hizo. Vya malaria vina chache sana, na si kama zetu. Ni za ukoo wa vimelea vyenyewe. Kazi yake haijulikani vizuri. Mtu anaweza kukisia: kimelea kinaishi ndani ya chembe nyekundu na kinakula hemoglobini, na mlo huo una chuma, na chuma kilichofunguliwa huzalisha sumu za oksijeni zinazounguza. Viumbe vingine hutumia protini zenye seleni kujikinga na moto wa namna hiyo. Kwa hiyo ukikinyima kimelea seleni, huenda ukakivua ngao. Daktari Mbunda, mkuu wa mradi, alilipenda sana wazo hilo. Nami nililipenda, na ndiyo sababu nililiogopa.

Maana nilikuwa nimesoma pia kwamba wapo watu waliovinyang'anya vimelea vya malale, na vile vya malaria ya panya, mtambo wa kutengenezea protini hizo, na vimelea vikaendelea kuishi. Nilimwambia Daktari. Akasema, "Panya si mtu, na maabara ya Ulaya si Mbinga." Daktari alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya mtu aliyeona watoto wengi wakifa kwa homa. Haraka ya namna hiyo ni vigumu kubishana nayo.

Mpango wake ulikuwa huu. Watu wa ufukweni, Lipingo na vijiji jirani, wanakula usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, karibu kila siku; na samaki wana seleni. Watu wa milimani wanakula ugali na maharage kutoka kwenye udongo uliooshwa na mvua za miaka mingi, na udongo wa namna hiyo aghalabu una seleni kidogo. Basi tuchukue damu kwa hiari ya wenyewe, pande zote mbili, tutenganishe seramu, yaani yale maji ya njano yanayobaki damu ikiganda, tuitumie kulishia vimelea, tuone vinastawi wapi.

Kwa milimani tulimtafuta mtu wa kutukusanyia watu kirahisi, na kila mtu alisema jambo lile lile: nendeni kwenye kwaya. Wanakwaya wanakutana siku zinazojulikana, wanafika wote, na wakiitwa na mwenyekiti hawaulizi mara mbili. Tukaenda kwenye kigango kimoja, tawi dogo la parokia, si mbali na kijiji cha Mapera, kwetu. Mama yangu mzazi anaimba humo sauti ya pili. Nilimtoa damu kwa mkono wangu huku akinikosoa jinsi nilivyofunga mpira. Tuliwasomea wote maswali ya fomu ya mradi, likiwemo la kama mtu ametibiwa malaria siku za karibuni. Wakajibu hapana, wakijivunia kidogo, kama watu wa milimani wanavyojivunia baridi yao.

Maabara tukafanya kama inavyofanywa kwingi: seramu ya wanakwaya tukaichanganya yote kwenye chupa moja, ya ufukweni kwenye chupa nyingine, ili tofauti za mtu na mtu zisituchanganye. Kamrija kadogo ka kila mtu tukakaweka akiba kwenye friza.

Matokeo yalikuja safi mno. Kwenye seramu ya ziwani vimelea vilijaa. Kwenye seramu ya milimani vilikunjamana vikawa vidoti vyeusi, vikafa. Tulirudia, ikawa vile vile. Daktari alinyanyua kichwa kutoka kwenye hadubini, akasema, "Usipa! Tunawalisha watoto, na tunamlisha adui."

Mimi niliinama kwenye hadubini hiyo hiyo nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Mtu wa ufukweni ameumwa malaria tangu utotoni. Damu yake imejaa kinga. Seramu yake ndiyo iliyopaswa kuvisumbua vimelea, na ya mlimani, isiyovijua, ndiyo iliyopaswa kuvipokea. Sisi tuliona kinyume chake, na kinyume chenyewe kilikuwa kikubwa. Nilimnong'oneza Mama Kapinga.

"Labda seleni ina nguvu kuliko kinga," akasema.

"Unaamini hivyo, mama?"

"Naamini vimekufa. Mengine mtaamini ninyi mliosoma."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku Mama Kapinga kwamba alisafisha sahani za upande mmoja kwa sabuni kali. Niliushuku mtungi mmoja. Nilijishuku mwenyewe, nikaanza kunawa mikono hata kabla ya kugusa kalamu. Na nilimshuku Salumu.

Salumu alikuwa na duka karibu na soko, akiuza usipa wakavu, chumvi, mafuta na kila kitu kinachoweza kuning'inizwa. Babu yake alitoka Lindi, naye alizungumza Kiswahili kilichotufanya sote tusikike kama tunatafsiri. Siku moja alikuja hadi mlangoni kwetu na fungu la usipa kwenye mfuko.

"Dada Sebia, nasikia humu mnafuga malaria kwenye mitungi."

"Nani kakwambia?"

"Mishumaa mnanunua kwangu. Umeme upo, kanisa lina mishumaa yake, na wewe sioni dalili ya posa. Nikauliza." Akaninyooshea mfuko. "Zawadi."

"Ya nini?"

"Dada, zawadi ikiulizwa ya nini inaona haya. Chukua."

Niliuweka mfuko mezani bila kuugusa tena. Nilikuwa nimeshaunganisha: muuza usipa, matokeo ya usipa, mfuko wa usipa. Nilimweleza Mama Kapinga kwamba huenda huu ni mwanzo wa rushwa. Aliuchukua mfuko, akaenda kuwakaanga usipa kwa nyanya na vitunguu kwenye jiko la nyuma. "Rushwa tamu hii," akasema akiwa anakula. "Njoo uhongwe kabla haijapoa." Nilikula. Nilikula nikishuku.

Salumu alirudi baadaye, safari hii mikono mitupu. Alisema mteja wake mmoja kutoka vijiji vya ziwani amekataa kupeleka usipa nyumbani kwa dada yake mwenye mtoto mgonjwa, kwa sababu Daktari amesema samaki wanalisha malaria. "Mimi sisemi mnadanganya," akasema. "Nauliza tu: mmeshamaliza kuchunguza, au maneno yametangulia gari?"

Nilitaka kumjibu kwamba anatetea biashara yake. Labda alikuwa akiitetea. Lakini swali la mtu mwenye masilahi linabaki kuwa swali, na jibu lake nililijua: hatukuwa tumemaliza. Hata seleni yenyewe hatukuwa tumeipima. Mashine ya kuipima haikuwepo Mbinga. Sampuli tulikuwa tumezituma Dar es Salaam na majibu yalikuwa bado. Tulikuwa tunazungumza juu ya upungufu wa kitu ambacho hatukukiona.

Nikafanya jambo rahisi, ambalo nawasihi mlifanye kabla ya kusherehekea chochote. Ukisema mtu anakufa kwa kiu, mpe maji. Nilichukua seramu ya wanakwaya, nikaiongezea seleni kidogo kidogo, kipimo baada ya kipimo, nikihakikisha sizidishi kwa sababu seleni nyingi nayo ni sumu. Kama ni njaa ya seleni, vimelea vingefufuka. Havikufufuka. Vilikufa kwa utaratibu ule ule, kama mfanyakazi anayeheshimu muda.

Nilimpelekea Daktari. Akasema pengine kimelea hakiitumii seleni ya namna ile niliyoiweka. Inawezekana. Ndiyo shida ya kufikiri sana: kila maelezo yanawezekana, na unalala nayo yote kitanda kimoja.

Jibu lilinijia nikiwa sina kazi nalo. Nilikuwa nimeshuka Lipingo na gari la mradi kuchukua sampuli nyingine, na wakati wa kupanda nikaomba kushushwa nyumbani nimsalimie mama. Nilifika mchana. Mama alikuwa ameanika kahawa uani, akainuka na kunitazama kuanzia miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka ziwani?"

"Ndiyo."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji na vidonge vya mseto, dawa ya malaria. Alikuwa amevikata kwenye karatasi yake tayari. "Kunywa kwanza, ndipo ule."

"Mama, sina homa."

"Ndiyo unywe sasa. Ukisubiri homa, si imeshakuwahi?"

Nimekunywa vidonge hivyo tangu nina akili. Kwetu mtu akishuka ziwani kwa msiba, kwa harusi au kwa biashara, akirudi anakunywa mseto, kama anavyokung'uta viatu mlangoni. Si tiba, ni usafi. Nilikwishaweka kidonge cha kwanza ulimini ndipo mkono ukasimama.

"Mama, kwaya ilishuka ziwani mwaka huu?"

"Si tulikwenda kwenye sikukuu ya somo wa parokia ya kule. Kwani hukuona kwenye simu? Mwenyekiti alituvalisha sare mpya, zikapauka kwa jua."

"Ilikuwa lini? Kabla sijaja kuwatoa damu?"

"Juma lile lile. Ndiyo maana mlitukuta wote, tulikuwa bado tunagawana picha."

Nikakitema kidonge. "Na mlikunywa mseto?"

"Mwenyekiti aliununua mapema. Tulikunywa garini, wakati wa kupanda. Waliobaki nyumbani tu ndio hawakunywa." Akaanza kukasirika. "Mbona unauliza kama polisi?"

"Mama, niliwasomea swali. Nikawauliza kama mmetibiwa malaria."

"Hatukutibiwa. Nani alikuwa mgonjwa?"

Alikuwa sahihi kabisa, na mimi, mtoto wa nyumba ile, niliyenyweshwa vidonge hivyo kila likizo, nilikuwa nimelisoma swali lile kwa sauti bila kulisikia. Mabaki ya mseto hukaa kwenye damu kwa siku kadhaa. Tukayakamua pamoja na seramu, tukayamimina kwenye chupa moja, na chupa moja ikitiwa dawa na wachache inatosha kuua kwa niaba ya wote. Tulikuwa tumegundua kwamba dawa ya malaria inaua malaria.

Kwa mtu kama mimi, kupata maelezo mazuri ni sababu ya kuyashuku. Nilimwomba Mama Kapinga atoe mirija ya akiba ya wanakwaya kutoka kwenye friza, afunike majina, aipange atakavyo, asiniambie. Mama yangu alikuwa amenitajia waliosafiri na waliobaki, na nilimpa Mama Kapinga majina hayo. Nililisha vimelea vya kila sahani kwa seramu ya mtu mmoja mmoja. Kisha nikahesabu, Mama Kapinga akiwa amekaa pembeni akisuka ukili wa mkeka, maana alisema akinitazama nikihesabu shinikizo la damu linampanda.

Alipofunua majina, waliosafiri wote walikuwa upande wa vidoti vyeusi. Waliobaki nyumbani, wanaokula ugali na maharage yale yale ya udongo ule ule, vimelea vyao vilistawi kama vya ziwani.

"Aisee," akasema Mama Kapinga. Akaacha ukili. "Kwa hiyo usipa hawana kosa."

"Sijui kama hawana kosa. Najua hatujawakamata na kosa lolote."

"Sema hivyo hivyo kwa Daktari. Ila usianze na mshumaa."

Nilimkuta Daktari Mbunda ofisini kwake, bango likiwa limetandazwa sakafuni kukauka. Lilikuwa na picha ya mtoto, picha ya samaki yenye mstari mwekundu, na maneno: MTOTO MWENYE HOMA ASILE USIPA. Nilimweleza yote, nikimwonyesha hesabu za kila sahani. Alisikiliza. Sitaki mdhani hakusikiliza.

"Sebia, wewe una shaka na kila kitu. Juzi ulikuwa na shaka na mshumaa."

"Mshumaa nilishausamehe, Daktari."

Alicheka, kisha akaacha. "Hizi ni sahani chache. Dawa hatujaipima ndani ya hizo seramu, umeikisia. Kama mimi nilivyokisia seleni, si ndivyo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi zirudie, tukutane mwezi ujao. Lakini mkutano wa kina mama Lipingo umeshatangazwa. Tutatoa ushauri kama tahadhari. Siku chache za homa bila usipa zitamdhuru nani?"

Niliwaza kwamba labda ana haki. Niliwaza kwamba akikosea yeye, mtoto atakosa kitoweo kwa siku chache, na nikikosea mimi, labda mtoto atakufa. Mizani ilionekana kuelemea upande wake.

"Nenda na Mama Kapinga," akasema. "Mimi nina kikao Songea siku hiyo. Utazungumza wewe, unaongea polepole, watakuelewa."

Tuliteremka tukiwa tumelikunja bango nyuma ya gari. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba mbili, moja ya kutii na moja ya kukataa, na kila kona ya mlima nilibadilisha. Mama Kapinga alilala. Joto la ziwani lilipoingia dirishani aliamka, akasema, "Umeamua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi funga kioo, vumbi," akalala tena.

Kina mama walikuwa wamekaa barazani pa zahanati, watoto mapajani. Muuguzi alikuwa akipima mikono ya watoto kwa ule utepe wenye rangi, kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Nilikaa karibu na mama mmoja kijana aliyeitwa Mama Furaha, kwa sababu tu ndipo palipokuwa na nafasi. Utepe wa mwanawe ulisoma njano. Muuguzi akamuuliza anampa mtoto chakula gani.

"Uji wa muhogo. Na ugali na majani."

"Samaki je? Mume wako si mvuvi?"

Mama Furaha akanitazama mimi, akaitazama fulana yangu ya mradi, akajibu akinielekea mimi badala ya muuguzi. "Samaki nimemwachisha. Nilisikia mmesema akiwa na homa asile."

"Kwani sasa ana homa?" nikamuuliza.

"Leo hana. Juzi alikuwa nayo. Na kabla ya hapo. Dada, huku homa haina mwisho, hii ikipoa ile inabisha hodi. Ningesubiri iishe, angekula lini?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuishi karibu na maji.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la Daktari, nami sikulipata ofisini kwa sababu ofisini homa ni siku chache. Huku siku chache zilishaungana zikawa mtoto mwenye mkono wa njano, na bango lilikuwa bado halijatundikwa. Nilijaribu kuwaza upande wa pili mara ya mwisho: je, nikikosea? Lakini upande wa pili haukuwa na kitu ndani yake. Hakukuwa na mtoto hata mmoja tuliyemwona akizidiwa kwa sababu ya usipa. Kulikuwa na chupa moja ya seramu iliyotiwa mseto na kwaya yenye nidhamu.

Mama Kapinga alikuwa ameshashika ncha moja ya bango, akitafuta msumari ukutani.

"Mama," nikamwambia, "tusilitundike."

"Daktari atauliza."

"Ataniuliza mimi."

Alilikunja bila haraka, akalirudisha garini, akaja kukaa miongoni mwa kina mama kama mmoja wao.

Nikasimama. Hotuba zangu zote mbili zilikuwa zimenitoka. Nikawaamkia wazee, nikawaambia kwamba maneno waliyoyasikia kuhusu usipa yametoka kwetu, na kwamba yametoka mapema. Nikawaambia tulipima vibaya, na jinsi tulivyopima vibaya, kuanzia kwaya hadi vidonge vya garini. Walicheka sana waliposikia watu wa milimani wanavyokunywa dawa kwa kuwatembelea tu, bibi mmoja akasema, "Kumbe sisi ndio ugonjwa!" Nikawaambia mtoto mwenye homa aletwe zahanati apimwe, anywe dawa akikutwa na malaria, na ale.

"Ale nini?" akauliza Mama Furaha. "Sema wazi, dada, nisije nikageuzwa tena."

"Ale usipa. Leo, kama wapo."

"Na Daktari wenu anasemaje?"

Nikatoa simu. Nilijijua: nikishuka ngazi za baraza nitaanza kufikiri, na nikianza kufikiri nitafika Mbinga bado nikifikiri. Nikampigia pale pale barazani, mbele yao, Mama Kapinga akinitolea macho.

"Daktari, shikamoo. Niko Lipingo. Bango sijalitundika. Nimewaambia kina mama waendelee kuwapa watoto usipa, hata wenye homa."

Nikasikia viti vikiburutwa huko kwenye kikao chake.

"Umewaambia kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu, Daktari. Nimewatajia lote, na kijiji ninachotoka."